Ushirikiano Si Mauzo: Piga Hesabu Kabla ya Kununua Hisa

Ndugu zetu mnaoishi au kufanya kazi Clairwood, mnajua eneo lile lilivyojaa karakana, maghala na malori. Kiwanda cha Toyota kinachounda Hilux kiko Prospecton, si mbali. Kwa hiyo mtu akikwambia kuna kampuni ndogo ya malighafi "imeingia ushirikiano na kiwanda kikubwa, wahi hisa kabla hazijapanda", inaingia akilini. Huenda ni kweli. Lakini tupige hesabu kwanza.

1. Ushirikiano una ngazi. Kujaribu sampuli ni ngazi moja, kusaini makubaliano ni nyingine. Pesa inaanza kwenye oda yenye idadi, bei na tarehe. Bosi akikwambia "kazi ikiwepo nitakuita", huwezi kulipia pango kwa maneno hayo.

2. Mauzo si faida. Tuchukue mfano wa kubuni. Oda ni ya magari 10,000 kwa mwaka, na kila gari linatumia malighafi ya randi 200. Mauzo ni randi 2,000,000. Nyingi, sivyo? Sasa toa gharama za kutengeneza, mishahara, umeme, usafiri na kodi. Tuseme zinabaki 300,000. Kama kampuni ina hisa 10,000,000, kila hisa inapata senti 3 kwa mwaka. Ukiuziwa hisa moja kwa randi 2, umelipia faida ya miaka zaidi ya 60!

3. Mteja mmoja ni hatari. Mafuriko ya Aprili 2022 yalisimamisha uzalishaji pale Prospecton kwa miezi kadhaa. Kiwanda kikubwa kinaweza kuhimili pigo kama hilo. Kampuni ndogo yenye mteja huyo tu, mishahara ya mwezi wa pili itatoka wapi?

Kabla ya kutoa hela, uliza:

- Oda iko wapi, ya kiasi gani, na inalipwa baada ya siku ngapi?
- Hisa ziko ngapi, na wana mpango wa kutoa nyingine? Zikiongezeka, fungu lako linapungua.
- Anayekuuzia ana leseni? Hakikisha mwenyewe kwa FSCA, mamlaka ya Afrika Kusini inayosimamia huduma za fedha.

Akikosa majibu, au akianza kukuharakisha, hela yako ibaki mfukoni. Na hata akijibu yote vizuri, ada ya watoto na hela ya kutuma nyumbani zisiguswe. Weka kile tu ambacho kikipotea, nyumbani watakula kama kawaida.