Kwa nini programu ya duka hufa mapema

Umelipia programu ya kusimamia duka, iko kwa simu ya kaunta, na bado mauzo yanaandikwa kwa kitabu. Tunaona hivi sana, Nakuru mjini, Njoro, hata Molo.

Kumbuka BebaPay, kadi ya nauli ambayo Google na Equity Bank walileta kwa matatu za Nairobi mwaka wa 2013. Makanga na dereva walizoea pesa mkononi kila siku; kadi ilipeleka nauli kwa akaunti. Kufikia 2015 ilikuwa imefungwa.

Anayekuuzia agroveti naye anaweza kuona programu ni askari wa bosi tu. Muulize kwanza kazi gani inamchosha. Mara nyingi ni hesabu ya jioni: keshi kando, malipo ya simu kando, madeni ya wakulima kando. Anza na hiyo peke yake, kaunta moja. Bidhaa ziitwe vile wateja wanaziita. Kila jioni mlinganishe pamoja na rekodi ya malipo ya simu. Hesabu zikikubaliana siku 14 mfululizo, kitabu kitoke kaunta. Stoki na mishahara vitafuata baadaye.