Kabla ya Kupanda Vuli Voi, Angalia Joto la Bahari

Mkulima wa Voi au Kasigau anayengoja mvua za Oktoba hadi Desemba anaingoja Bahari ya Hindi, ajue asijue. Huko ikweta kuna maboya ya mtandao wa RAMA, ulioanza mwaka 2004. Boya hutiwa nanga, vipimajoto hufungwa kwenye kamba yake hadi kina cha mita 500, na vipimo hurushwa kwa redio hadi kwenye setilaiti. Wataalamu hutazama bahari ya upande wetu na ya upande wa Sumatra: ipi imezidi joto lake la kawaida? Ikizidi ya kwetu, mvuke na mawingu huelekea huku, kama 1997 na 2019, miaka ya mafuriko. Ikizidi ya Sumatra, vuli hupungua.

Anza kufuatilia Agosti. Tafuta kwenye simu kipimo cha dipoli ya Bahari ya Hindi, yaani tofauti hiyo ya joto kati ya pande mbili. Idara ya hali ya hewa ya Australia hukitangaza. Kikipita 0.4 juu ya sifuri ni chanya, kikishuka chini ya -0.4 ni hasi. Usiamue kwa wiki moja; ngoja kikae hapo wiki kadhaa. Kisha soma utabiri wa msimu wa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, maana wao huangalia mengi zaidi ya dipoli. Na usiitumie dipoli kwa masika, itakupoteza.

Ikiwa hasi, punguza mahindi. Panda ndengu, kunde na mtama, na uuze mbuzi wachache wakiwa bado wana nyama. Ikiwa chanya, chimba makinga maji, zibua lambo, na uhamishe pampu kutoka ukingo wa Mto Voi mapema. Ikiwa katikati, gawa shamba.

Boya halijui kilima chako. Wundanyi yaweza kunyeshewa wiki nzima na Mwakitau pakavu. Kwa hiyo weka kipimamvua chako mahali pa wazi, mbali na mti au nyumba kwa angalau mara mbili ya kimo cha mti au nyumba hiyo. Kisome kila siku saa tatu asubuhi, andika, kimwage. Ukiwa na daftari la misimu kadhaa, lipeleke kwa ofisi ya hali ya hewa ya kaunti: utabiri wa Taita Taveta unahitaji vipimo vya mashamba ya Taita Taveta.