Kibali cha Bwawa: Mhandisi Anatafuta Nini?

Wakulima wengi katika mashamba ya makazi husema hivi: "Bwawa ni udongo na maji tu. Wazungu walijenga yao kwa matrekta, na mpaka leo yapo. Kibali cha nini, na mhandisi wa nini?" Maneno haya husikika asubuhi mahali pa kupelekea maziwa, wala hayasemwi na wajinga. Anayeyasema amezungushwa na ofisi miezi mingi, na ametoa fedha kabla ng'ombe wake hawajanywa hata debe moja. Lakini yafaa tuyatazame maswali ambayo mhandisi huuliza, ndipo msomaji ajiamulie kama ni maswali ya bure.

Swali lake la kwanza ni hili: Maji yatakayoingia bwawani ni mengi kiasi gani? Tufanye hesabu. Mvua ya milimita 50 ikinyesha juu ya hektari moja, huleta meta 500 za ujazo, yaani madramu 2,500 ya lita 200. Tuseme mteremko ulio juu ya bwawa lako ni hektari 100, na sehemu moja tu kwa tano ya maji hutiririka, nyingine zikanywewa na ardhi. Basi yatakujia meta 10,000 za ujazo, na kila moja ina uzito wa tani moja. Yakija yote kwa saa tatu, ni karibu tani moja kila sekunde, na pengine ni usiku, na bwawa limekwisha kujaa. Bomba la inchi 4 haliwezi kupitisha hata sehemu ya kumi ya maji hayo.

Kwa sababu hiyo mhandisi hukaza sana habari ya mfereji wa maji ya ziada. Tuta la udongo halivumilii maji kupita juu yake. Yakianza kupita, hukata udongo upande wa chini, shimo likapanda kuelekea kileleni, na bwawa zima likatoka kwa mara moja. Mfereji huchimbwa kando ya tuta, katika ardhi ya asili wala si katika udongo uliojazwa, ukapandwa majani yanayoshika udongo. Kilele cha tuta ni lazima kiwe juu sana kuliko sakafu ya mfereji.

Na hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Mtu aliyepata bwawa zuri huona uchungu maji yakimwagika, akaziba mfereji kwa magunia ya mchanga ili apate futi mbili zaidi. Mwingine amefuga samaki, naye huweka wavu mfererejini wasitoroke. Wavu hukusanya majani na vijiti, na kwa mvua moja kubwa umekuwa ukuta. Heri samaki watoroke.

Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, wakati wa mvua za masika, bwawa moja lililokuwa juu ya kilima huko Solai, Nakuru, lilibomoka. Watu zaidi ya 40 walikufa, wengi wao wakiwa nyumbani mwao. Maofisa wa maji walisema baadaye kwamba bwawa hilo halikuwa na kibali. Msomaji ana haki ya kuuliza kwa nini neno hilo lilisemwa baada ya mazishi na si kabla. Kibali ambacho hakuna anayekuja kukikagua hakizuii maji.

Hata tuta ambalo halikukusudiwa kuwa bwawa laweza kuwa bwawa. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, karibu na Mai Mahiu, maji yalikusanyika nyuma ya tuta la reli kwa sababu njia yao ya kupita chini yake ilikuwa imezibwa na takataka za mafuriko. Yalipopasua, yalizoa nyumba, na huko pia watu zaidi ya 40 walikufa. Basi ukiona kalavati ya barabara ya kijiji imeziba, usingoje kaunti. Izibueni kabla ya mvua, kisha mkaripoti.

Swali jingine la mhandisi ni juu ya udongo. Majani na mizizi huondolewa kwanza, kisha huchimbwa mtaro wa msingi mpaka kwenye ardhi ngumu, ukajazwa udongo wa mfinyanzi. Tuta hujengwa kwa matabaka membamba, kila tabaka likiwa na unyevu na kushindiliwa. Dereva wa tingatinga anayerundika udongo mkavu kwa siku mbili na kuondoka amekuachia rundo, si tuta. Tena, miti isipandwe juu ya tuta, maana mzizi ukifa na kuoza huacha njia ya maji. Mashimo ya nungu na ya mchwa yazibwe.

Ama yale mabwawa ya zamani, ni kweli mengi bado yapo. Lakini mashamba ya makazi yalianza kugawanywa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mabwawa tuliyoyakuta yana umri wa zaidi ya miaka 60. Mengi yamejaa tope, kwa hiyo hujaa maji upesi kuliko zamani, na mifereji yake imelimwa viazi. Kwa kuwa ni ya wote, hayana mwenyewe.

Sheria ya Maji ya mwaka 2016 iliweka kazi ya vibali mikononi mwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Gharama ni mzigo, hatulikatai hilo. Majirani wanaokunywesha mifugo mahali pamoja wamwite mhandisi mmoja na kuchanga, na wahakikishe ameandikishwa na Bodi ya Wahandisi.

Mwisho, mkague upande wa chini wa tuta kila wiki wakati wa mvua. Maji machache yakichujuka safi, wekeni kijiti mahali hapo na mtazame kama yanaongezeka. Yakitoka na tope, tuta linaliwa kutoka ndani. Msijaribu kuziba tundu. Waamsheni walio bondeni wapande juu, hata ikiwa ni usiku wa manane, kisha mpigie chifu simu.