Umemaliza Humanite Rumangabo na Unataka Masomo Mapana

Ukitoka Rumangabo ukashuka Goma kujiandikisha chuoni, swali la kwanza mezani ni fakulte gani. Sheria, uchumi, udaktari, kilimo: unachagua siku hiyohiyo, na ukibadili nia baadaye, mara nyingi unaanza upya. Mfumo wa LMD ulioingia mwaka wa masomo 2021-2022 umeifanya lisansi iwe ya miaka 3, lakini swali la mezani halikubadilika.

Viko vyuo vinavyofanya kinyume. Mwanafunzi husoma historia, hesabu, falsafa na sayansi pamoja, kisha ndipo achague fani. Marekani vipo vingi. V.Y. Mudimbe, mwanafalsafa aliyezaliwa Likasi na kufundisha Lubumbashi, alihamia kimojawapo, Haverford, kabla ya kwenda Chuo Kikuu cha Duke. Barani kwetu mfano mzuri ni Ashesi ya Ghana, iliyofunguliwa 2002 na Patrick Awuah, ambaye mwenyewe alisoma Swarthmore, chuo kidogo cha namna hiyo. Kama kichwa chako kinakataa kukaa katika fakulte moja, omba huko. Ila jua kwamba wanachotafuta si kile ambacho EXETAT, mtihani wa taifa wa kumaliza humanite, ilikufundisha kutoa.

Anza na kalenda, maana hapo ndipo wengi hukwama. Vyuo vingi vya Marekani hufunga maombi mwanzoni mwa Januari kwa masomo ya Agosti au Septemba. EXETAT inakuja miezi kadhaa baada ya hapo. Ukingoja matokeo ndipo uombe, mwaka mzima umekwenda. Omba ukiwa bado darasa la mwisho, kwa kutumia buletini za miaka iliyotangulia. Diplome ya Leta utaipeleka baadaye. Kwa hiyo buletini ya kila mwaka wa humanite ni mali, hata ile uliyomficha baba.

Piga picha kila karatasi: buletini, cheti cha kuzaliwa, hati ya kufaulu. Zitume kwenye imeli yako na kwa ndugu mmoja anayeishi ng'ambo ya mpaka, Kampala au Gisenyi. Waliokimbia vita Rutshuru mwaka 2022 wanajua kwa nini. Diplome yenyewe inaweza kuchelewa sana kutoka Kinshasa, basi hati ya kufaulu ndiyo itakayokubeba kwa muda. Kuhusu tafsiri ya Kiingereza, uliza chuo kwanza: vingine hukubali tafsiri yenye muhuri wa shule, na hapo huna haja ya kumlipa mtu.

Halafu asilimia. Kwetu 50 ni kufaulu, 60 ni kuheshimika, na mwenye 75 hutajwa kijijini kote. Msomaji wa maombi kule Marekani akiona 61 anaweza kudhani umeanguka, kwa sababu katika shule zao 61 ni aibu. Mwombe prefe wa shule yako aandike barua ya ukurasa mmoja: alama za shule zinavyohesabiwa, wangapi katika darasa lako walipita 60, na wewe ulikuwa wa ngapi. Nafasi yako darasani ina uzito kuliko asilimia yenyewe, na bila barua hiyo hakuna atakayeijua.

Insha ndiyo kazi kubwa. EXETAT kwa sehemu kubwa ni maswali ya kuchagua jibu. Mahali pekee unapoandika kwa urefu ni disertasyo ya Kifaransa, na hiyo ina mwendo wake wa utangulizi, mwili na hitimisho. Chuo cha masomo mapana hakitaki mwendo huo. Kinataka kuona unavyofikiri. Rumangabo inajulikana nje kwa mambo mawili, sokwe na kambi ya jeshi, na kishawishi ni kuandika juu ya mateso au kumsifia Ndakasi, yule sokwe yatima aliyefia hapo katika kituo cha Senkwekwe mwaka 2021. Acha. Wasomaji wa maombi wameshasoma hayo kwenye magazeti.

Chukua swali linalokusumbua kweli. Mpaka wa hifadhi ya Virunga, kwa mfano. Hifadhi iliundwa 1925 na Wabelgiji, na hadi leo kuna wakulima wanaosema shamba la babu limo ndani. Ukitaka kujibu ni nani mwenye haki, unahitaji historia, sheria, elimu ya viumbe na bei ya maharagwe sokoni. Andika ulivyojaribu kulijibu: ulimuuliza nani, jibu lipi lilikukatisha tamaa, wapi ulibadili mawazo. Maneno 600 yanatosha. Wewe mwenye option ya Pedagojia au Latini-Filozofia una faida hapa kuliko unavyodhani. Wa Bio-Kemia naye asijione mgeni.

Kiingereza utapimwa. Mtihani wa Duolingo hufanyika kwenye kompyuta popote ulipo, kwa muda wa kama saa moja, na ni rahisi kwa bei kuliko TOEFL. Lakini unataka kamera, chumba kimya na intaneti isiyokatika, basi tafuta mahali pa kuaminika Goma. Kitambulisho ni shida ya pili: usitegemee kadi ya uchaguzi, tengeneza paspoti mapema.

Fedha: kukubaliwa si kupewa masomo bure. Angalia kama chuo kinawasaidia wageni kulipa, na uombe kusamehewa ada ya maombi. Vyuo vingi husamehe kwa barua tu. Anayekuuzia nafasi ni tapeli. Kumbuka pia kwamba benki za Goma zilifungwa Januari 2025 waasi wa M23 walipoingia mjini, kwa hiyo panga njia ya malipo kabla hujabanwa na tarehe.

Barua ya prefe iombe Oktoba. Mitihani ikikaribia hana nafasi, na likizo kubwa ikianza hutampata.