Somo la Nyumbani: Singo, na Kipimo cha Karafuu Ndani Yake



Tumezoea katika kurasa hizi kusomeshana habari za miche, za kuchuma na za kuanika. Safari hii somo letu ni la ndani ya nyumba, nalo ni singo. Nimeliandika kwa sababu mbili. Kwanza, Mabibi wengi wamekuja ofisini kuuliza vipimo vyake. Pili, mimi Katibu wenu nalifanya kosa katika jambo hili, mbali na visiwa vyetu, huko Kamachumu katika nchi ya Wahaya, nami naona ni haki mlijue kabla halijatokea nyumbani kwa mmoja wenu.

Kusinga ni kuusugua mwili kwa vitu vya harufu mpaka nongo zitoke na ngozi ilainike. Hapa kwetu hakuna bi harusi asiyesingwa, na kazi hiyo ni ya somo wake. Singo ya asili hutengenezwa kwa maua makavu: waridi, asumini, mlangilangi, mpompia, na majani ya rehani. Hutiwa liwa na karafuu, kisha vyote hutwangwa, hupepetwa, na hurowekwa kwa marashi ya mawaridi. Msio, kwa asili yake, ni lile jiwe la kusugulia liwa kwa maji kidogo. Lakini siku hizi wengi huita msio ile singo yenyewe yenye karafuu nyingi. Hapana ubaya, mradi tunaelewana.

Sasa nitaeleza yaliyonipata. Mdogo wangu ameolewa Kamachumu, na wifi yake alikuwa anataka kuolewa. Basi nikaenda na zawadi ya karafuu, nikakaribishwa vizuri mno, kwa zile kahawa za kutafuna ambazo Wahaya huzichemsha kwa majani ya harufu, huzikausha, na humpa mgeni kabla ya maneno yo yote. Kule kahawa kwao ni kama karafuu kwetu: ndiyo ada ya msichana shuleni, ndiyo bati la nyumba, na ugomvi wa bei ni ule ule. Mamkwe wa mdogo wangu akasema, “Mwanangu, nasikia kwenu bibi harusi hupakwa manukato. Mfanyie na huyu wetu.”

Maua sikuwa nayo. Liwa sikuwa nayo. Nilikuwa na karafuu zangu na chupa ndogo ya mafuta ya makonyo niliyoichukua kwa ajili ya jino. Kwa kuwa nalikuwa na haraka, na kwa kiburi kidogo cha mtu atokaye kwenye karafuu, sikutwanga. Nikachukua unga wa mchele, nikaukanda kwa maji, nikamimina yale mafuta kama mtu anavyomimina marashi, mpaka nyumba nzima ikanukia. Nikamsinga yule binti mikono na mabega. Mwanzoni alicheka. Baada ya dakika chache akaniambia kwa adabu, “Dada, inawaka.” Nikamjibu kwamba karafuu ndivyo ilivyo. Akavumilia, maana alikuwa hataki kunivunja uso mbele ya mama yake. Nilipotazama, ngozi ilikuwa imewiva kwekundu na imeanza kuvimba.

Aliyeokoa jambo ni yule mama. Mimi nalikimbilia maji matupu, na maji matupu hayakusaidia kitu, kwa sababu mafuta ya karafuu hayachanganyiki na maji. Yeye alileta samli, akampaka, akamfuta kwa kitambaa laini, akampaka tena, akamfuta tena, ndipo akamwosha kwa sabuni na maji mengi ya baridi. Kisha tukampeleka zahanati. Malengelenge yalitoka begani mahali pawili. Harusi ilifanyika siku yake, lakini bibi harusi alivaa nguo ya mikono mirefu ambayo hakuipanga, nami nikakaa nyuma kabisa ya wageni.

Niliporudi nalitafuta kujua sababu, nanyi yafaa muijue, kwani ni elimu ya mali yetu wenyewe. Ukali na harufu ya karafuu hutokana na kitu kiitwacho eujenoli. Katika karafuu kavu nzuri, mafuta ni kama sehemu 15 hadi 20 katika kila 100 za uzito wake. Katika makonyo ni kama sehemu 5 hadi 7 tu, na hayo ndiyo yanayokamuliwa kwa mvuke katika kiwanda cha Wawi kule Pemba. Lakini yakisha kukamuliwa, yawe ya karafuu au ya makonyo, sehemu kubwa kabisa ya mafuta hayo ni eujenoli. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta kimetoka katika vijiko zaidi ya kumi vya karafuu iliyosagwa. Basi nilidhani namtilia yule binti karafuu, kumbe namtilia shamba.

Tena eujenoli hutia ganzi. Ndiyo maana madaktari wa meno huitumia, na ndiyo maana sisi huweka karafuu penye jino bovu. Ganzi hiyo humdanganya anayesingwa: ngozi inaungua naye hajahisi vizuri. Mtu akisema inawaka, usimwambie avumilie. Ifute pale pale, kwa samli au mafuta ya nazi, kisha sabuni na maji.

Wataalamu wa manukato wameweka mpaka wa mafuta ya karafuu yanayopakwa mwilini: yasizidi nusu ya sehemu katika 100. Kwa lugha ya jikoni, ni tone moja tu katika kijiko kizima cha mezani cha mafuta ya nazi. Mimi kwa singo sishauri mafuta kabisa. Tumieni karafuu yenyewe, iliyotwangwa.

Na karafuu yenyewe ichaguliwe. Isiwe mpeta, wala iliyoota ukungu kwa kurundikwa mbichi. Wala isiwe ile iliyoanikwa juu ya lami pembeni mwa barabara. Najua wapo wanaofanya hivyo msimu ukiwa mkubwa na majamvi hayatoshi, na nimekwisha lisema jambo hili mkutanoni mpaka nimechokwa. Lakini anayemsinga mwanawe kwa karafuu ya barabarani humsinga pia kwa vumbi la matairi.

Kipimo ninachotumia sasa ni hiki. Unga laini wa mchele, kikombe kimoja cha chai. Maua makavu yaliyotwangwa na kuchekechwa, nusu kikombe, ya aina uliyo nayo. Waridi na asumini zatosha. Liwa, ukiipata ya kweli, vijiko viwili vya mezani. Ya sokoni siku hizi nyingine ni vumbi la mbao lililotiwa harufu, bora uiache kuliko kudanganywa. Karafuu iliyotwangwa na kuchekechwa kwa kitambaa chembamba, kijiko kimoja cha chai, sawa na mdomo wa kijiko, bila kilima. Changanya vikiwa vikavu, uweke katika kopo lenye kifuniko. Vikikaa pakavu, vyatumika miezi mingi. Siku ya kusinga chukua kiasi cha siku hiyo tu, ukikande kwa marashi ya mawaridi au maji safi mpaka kishikane. Kilicholowa kisiwekwe akiba. Kesho yake huanza kuchacha.

Usiku mmoja kabla, paka kidogo kwenye mkunjo wa mkono kwa ndani, oshe baada ya muda mfupi, kisha ungoje mpaka kesho yake saa ile ile. Pakiwasha au pakiwa pekundu, mtu huyo asisingwe kwa karafuu. Maua na unga vyamtosha. Ajaribiwe hata kama dada yake hakudhurika.

Kusinga kwenyewe hakutaki nguvu. Mwili uwe umeoshwa kwa maji ya vuguvugu na una unyevu. Paka, acha ianze kukauka, kisha sugua kwa kiganja taratibu, ukizunguka, mpaka ipukutike yenyewe na nongo. Usoni usiweke karafuu wala kitu chenye chenga. Usisinge penye kidonda, chunusi zilizoiva, au mahali palipotoka kunyolewa. Mara moja kwa juma ni nyingi ya kutosha. Baadaye oga, jifute, ujipake mafuta ya nazi.

Ndimu naikataza. Wengi huitia ili ngozi “itakate”, kisha mtu hutoka juani. Maji ya ndimu yakikutana na jua juu ya ngozi huleta mabaka meusi na hata malengelenge.

Neno hilo la kutakata lanileta penye jambo ambalo wasichana wa Kamachumu waliniuliza, na wa hapa huniuliza vile vile: je, singo huleta weupe? Hailetei mtu weupe. Huondoa nongo, na ngozi iliyo chini yake huonekana ilivyo. Ukitia manjano utapata rangi ya siku mbili tatu, basi. Anayekuuzia singo ya kubadili rangi amechanganya kitu kingine ndani, na katika mikorogo hiyo mara nyingi kitu hicho ni zebaki au haidrokwinoni. Zebaki huingia mwilini kupitia ngozi na huharibu mafigo. Mataifa yalikubaliana katika Mapatano ya Minamata ya mwaka 2013 kwamba vipodozi vya kung'arisha ngozi vyenye zebaki visitengenezwe, visiingizwe wala kusafirishwa nje baada ya mwaka 2020, lakini vikopo bado vinapita bandarini. Singo ya kununua isiyoandikwa vilivyomo, msiiguse.

Mwaka uliofuata nalirudi Kamachumu, nikiwa na aibu yangu. Yule binti, sasa ni mama mwenye nyumba yake, akaniambia kwamba wao wamekwisha kutengeneza singo yao. Hutumia kahawa ya mashamba yao, ikaangwe na kusagwa laini sana, vijiko viwili. Unga wa mchele kikombe. Na badala ya nazi, ambayo kule hutoka mbali, huikanda kwa parachichi lililoiva na asali kidogo. Karafuu zangu hutia ncha ya kijiko tu. Kwa kuwa kule ni juu na baridi, ngozi hukauka upesi, hivyo husinga mara moja kwa majuma mawili na hujipaka samli. Nalijaribu mwenyewe. Kahawa haiwashi, kazi yake ni ile chenga yake. Wapo wasemao huondoa michirizi, lakini hilo sikuliona. Harufu yake na karafuu pamoja ni nzuri kuliko nilivyodhani.

Begani kwake alama moja ingalipo, ndogo kama punje ya kunde. Alinionyesha akicheka.

Nimeweka ofisini kikombe na kijiko cha kupimia, pamoja na kitambaa cha kuchekechea. Atakaye kuvitumia na aje Jumamosi asubuhi na kopo lake. Karafuu aje nayo mwenyewe, iliyoanikwa jamvini.

Katibu