Somo kwa Makatibu: Kazi Inapohama

Katika bonde la Kilombero mfano ulio bayana wa mabadiliko ya kazi ni kiwanda cha sukari cha Kidatu. Mwaka 1998 Serikali iliuza asilimia 75 ya hisa kwa kampuni ya Illovo ya Afrika Kusini na mshirika wake. Uzalishaji, ambao ulikuwa umeshuka mno, haukukawia kupita tani 100,000 za sukari kwa mwaka. Wengi huishia kwenye takwimu hiyo.

Katibu wa chama yampasa aulize zaidi: kazi zilizotoka kiwandani zilikwenda wapi? Watumishi wa kudumu walipunguzwa. Kukata na kupakia miwa kukaachiwa makandarasi na vibarua wa msimu, na sehemu kubwa ya miwa ikawa inatoka kwa wakulima wadogo. Kazi haikupungua, ilihama; nayo ilihamia kwa watu ambao mara nyingi hawana msimamizi wala fundi wa kuwaelekeza.

Athari yake huonekana katika malipo. Muwa uliokwisha kuchomwa moto na kukatwa hupoteza sukari kila saa inayopita, na mkulima hulipwa kwa uzito pamoja na kiwango cha sukari kilichomo. Karani akikosea zamu ya kuvuna, au wakataji wakisusa nusu siku kwa kutojua kipande kipya kitalipwaje, miwa hulala shambani na hasara humwangukia mwanachama.

Leo wengi wa wakulima hao wamo katika AMCOS, na AMCOS nayo ni mwajiri. Hata hivyo, iko bodi inayopitisha ununuzi wa mizani mpya ya umeme, na karani akaiona kwa mara ya kwanza siku lori linapofika. Karani huyo huendelea kuandika katika daftari lake la zamani kwa siri, hesabu mbili zikapingana, kisha huitwa mvivu. Si uvivu, anaogopa kufukuzwa.

Kiwanda hufungwa wakati wa masika, na hiyo ndiyo nafasi ya kufundishana. Bodi iwaite makarani na viongozi wa wakataji, iwasomee malipo ya kipande kabla panga halijainuliwa. Daftari la zamani liandikwe sambamba na mizani mpya kwa majuma ya mwanzo, kwa idhini ya wazi. Ambaye nafasi yake inaondolewa aarifiwe na kushauriwa mapema, kama Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inavyoagiza.

Vyama vya mpunga vya Ifakara navyo visidhani jambo hili ni la miwa tu. Kombaini ikikodiwa, wanaokosa kibarua cha kuvuna mara nyingi ni watu wa nyumba za wanachama wenyewe. Hesabu ya faida iletwe mkutanoni pamoja na hesabu ya ujira huo, kabla ya mkataba kutiwa saini.