Mtu kwenye picha ya mandhari: awekwe au aondolewe?

*Mimi ni kijana wa Keko, kazi yangu ni kupiga msasa na vanishi kwenye karakana ya samani. Nilinunua kamera ya mtumba, na Jumapili napiga mandhari: ufukwe wa Kigamboni, na milima ya Uluguru nikienda kwetu Morogoro. Fremu natengeneza mwenyewe, natundika picha karakanani wateja wazione. Mmoja alisema ni nzuri ila zimepooza, hazina mtu. Nikamvalisha rafiki yangu fulana nyekundu, akasimama ufukweni kanyoosha mikono. Mteja mwingine akauliza, atundike sebuleni sura ya mtu asiyemjua ili iweje? Nimsikilize yupi?*
*— Fundi kijana, Keko Machungwa*

Wasikilize wote wawili. Mtu awemo, ila awe na shughuli yake mahali hapo. Rafiki yako hakuwa na shughuli Kigamboni zaidi ya kupigwa picha, ndiyo maana bahari yote ile imegeuka pazia la studio nyuma yake.

Nenda maji yakiwa yamekupwa, hasa siku za bamvua, mchanga unapoachwa wazi hadi mbali. Utakuta watu wameinama wakiokota kome, wengine wanasukuma ngalawa. Mmoja tu kati yao, mdogo, pembeni mwa fremu, anatosha kumwonyesha mtazamaji upana wa ufukwe. Bila yeye, mikunjo ile ya mchanga inaweza kuwa ya hatua tatu au ya kilomita nzima. Jicho halina cha kupimia. Huko kwenu Uluguru ni vivyo hivyo. Mama aliyejitwika mboga akipanda njia ya Mgeta anaueleza mwinuko kuliko mlima wenyewe.

Udogo huo ndio unaomjibu mteja wako wa pili. Mtu akichukua sehemu ya kumi ya kimo cha picha, au chini ya hapo, sura haisomeki. Kinachobaki ni mwendo na mkao wa mwili, na mwenye sebule anaweza kumwona babu yake pale.

Ila mtu mdogo hupotea upesi. Hakikisha mwili wake umeangukia penye mwanga, kwenye maji au anga, usiangukie kwenye kichaka. Chuchumaa au panda juu mpaka mstari wa upeo wa macho usimkate shingo. Mwachie nafasi mbele, kule anakoelekea. Subiri miguu iachane katika hatua, maana ikiwa imebanana ataonekana kama nguzo. Kasi ya 1/250 inatosha kwa anayetembea. Kwa milima, rudi nyuma utumie lenzi ndefu, kwa sababu lenzi pana inaifanya Uluguru ionekane vilima. Jua letu la mchana liko utosini na kivuli kinajificha chini ya nyayo, kwa hiyo toka alfajiri, au ngoja saa kumi na moja jioni ipite. Fulana nyekundu huihitaji. Kanga ya mwokota kome ina rangi za kutosha.

Nina sababu nyingine ya kukusihi, na hii inaniuma. Kalenda na kadi za posta zimetuzoesha nchi isiyo na wenyewe. Serengeti ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na Wamasai waliokuwa wakichunga humo wakahamishiwa Ngorongoro mwaka 1959. Anayeona picha za nyika ile tupu anadhani hapakuwahi kuwa na boma. Kilimanjaro nayo huonekana sana kutoka Amboseli, ng'ambo ya mpaka, tembo mbele na theluji juu. Vihamba vya Wachagga, migomba na kahawa yao, havionekani kabisa. Kwa hiyo usiwe mwepesi wa kumfuta mtu kwa programu ya simu eti kaharibu picha. Ukipata kitabu *Journey Through Tanzania* cha mwaka 1984, kichunguze kwa swali hilo: wenyewe wamo au hawamo? Mmoja wa wapiga picha wake ni Mohamed Amin, aliyeanzisha Camerapix hapa Dar es Salaam mwaka 1963.

Jambo la ruhusa usilifanyie uvivu. Unauza picha, na mtu hata akiwa mbali bado ni mtu. Msogelee, salimia, mwonyeshe ulichopiga. Akitambulika, mwombe idhini na mkubaliane malipo kabla hujauza. Picha inayomtambulisha ni taarifa yake binafsi, na sheria ya kulinda taarifa hizo tunayo tangu mwaka 2022. Akikataa, ifute.

Mwisho, kwa nini uvuke kwenda Kigamboni kila Jumapili? Vitanda na makabati yaliyopangwa barabarani Keko, vumbi la mbao kwenye jua la jioni, kijana anavuta mkokoteni wenye kochi kuelekea Chang'ombe: hayo ni mandhari, na unayajua kuliko mpiga picha yeyote atakayekuja kutoka nje. Gereza la Keko tu usilielekezee kamera. Anzia hapo mtaani, na ukiuza picha ya mvuta mkokoteni, mpe nakala yake kabla ya mteja.